Mkono Uliobaki kwenye Kitufe

5 Agosti, Arua

Mvua tangu alfajiri. Nimeanza daftari hili kwa sababu kaka yangu Raphaël, niliyetoka naye Kongo, amechoka kunisikiliza. Anasema nikipata kazi mpya naona msiba kila kona. Labda ni kweli. Lakini kazi hii naiogopa hasa, na sioni aibu kuandika.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika letu dogo la kusuluhisha ugomvi wa ardhi linataka programu ya kuchorea mipaka. Kule Ludara, wilaya ya Koboko, koo mbili zinagombania shamba lenye chemchemi. Desturi ya wazee wa pale, wakuu wa pande mbili hushika pamoja mti mmoja wa kuchimbia, wakatembea nao mpakani, na kila penye jiwe wanauchomeka chini. Anayekubali anaacha mkono wake kwenye mti. Anayekataa anainua mkono. Mwaka jana walipojaribu, mikono iliinuka ikashuka vichwani mwa watu, na mtu mmoja akapoteza jicho. Ndipo bosi wangu, Bwana Anguzu, akawaza: waketi ndani, mbali na mapanga, watazame picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani, kila mzee ashike kipanya chake. Kompyuta moja, vipanya viwili.

Wazo ni zuri. Shida ni kwamba kompyuta haijui kuwa duniani kuna watu wawili. Chomeka vipanya vitano, vyote vitasukuma mshale mmoja.

8 Agosti

Nimejaribu na Raphaël. Yeye anavuta kushoto, mimi kulia, mshale katikati unatetemeka. Akacheka mpaka akaweka chai chini. "Dada, bazee bakiona hivi, batapigana mbele ya jiwe ya kwanza." Alikuwa anatania, mimi nikachomoa vipanya.

10 Agosti

Nimepata! Mishale miwili, mwekundu na wa bluu, kila kipanya na mshale wake. Kila mshale una sanduku lake kwenye skrini, linalowaka kidole kikiwa chini. Wazee wakibonyeza na kushikilia kwa pamoja, sekunde tatu tu, jiwe limekubaliwa na kompyuta inalia kidogo. Mmoja akiachia, amekataa, na jiwe linabaki wazi.

Nijiandikie nisisahau: kipanya kinachochomekwa upya, mfumo unakitupa kwa mshale wa kwanza, yaani wa bluu. Hakirudi kwa mwenyewe mpaka mimi nikirudishe kwa amri.

14 Agosti, Koboko

Nimefika. Nimepanga chumba kwa Mama Zam, mjane wa sajini. Nyumba safi kama kambi, na yeye mwenyewe anatoa amri kama yuko kambini. Kesho Ludara.

15 Agosti

Nimerudi nimelowa na nina furaha, kwa hiyo naandika yote.

Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati. Upande wa kushoto Mzee Lako, mwembamba, koti lake amelifunga vifungo vyote, na nyuma yake mjukuu wake Jenifer. Upande wa kulia Mzee Constantino, mnene, mpole wa sauti, na nyuma yake mwanawe Christophe. Mimi katikati na laptopu. Wazee hawakusalimiana. Mzee Lako hakuangalia hata skrini. Alimkazia macho Constantino tu, asubuhi nzima.

Jiwe la kwanza, wote wakabonyeza. Likakubaliwa. Nikasubiri waachie ili tuende jiwe la pili. Hawakuachia. Nikasema, "Wazee wangu, inueni vidole." Bwana Anguzu akaninong'oneza kwamba nimewaambia wakatae jiwe walilokubali sasa hivi. Mti wa mpaka, ukishaushika, unatembea nao mkono ukiwa juu yake hadi jiwe la mwisho. Mimi kule Arua nilipima na vijana wa ofisini, na kijana anabonyeza anaachia, anabonyeza anaachia. Nani angenikumbusha?

Basi wakati wa chakula nikabadilisha programu nikiwa na muhogo mdomoni. Sasa kidole ambacho kiko chini kinahesabiwa kwa jiwe linalofuata pia, mpaka kompyuta ipate habari kwamba kimeachia. Mistari sita tu. Nilijiona fundi kweli.

Alasiri mvua ikapiga mabati, ikawa hakuna anayemsikia mwenzake. Projekta ikazimika, tukabaki na skrini ndogo ya laptopu. Kati ya jiwe la sita na la saba paa likaanza kuvuja juu ya meza. Bwana Anguzu akaivuta meza, waya wa kipanya cha Mzee Lako ukachomoka, nikauchomeka tena haraka. Tukaendelea. Saba, nane, tisa, kumi, yote yakakubaliwa. Kila jiwe likipita nilikuwa nainua kidole gumba, maana sauti haikusikika.

Mawe kumi, na hakuna aliyerusha ngumi. Mama Zam amenipikia samaki.

16 Agosti

Bwana Anguzu ananiita Profesa. Anachapisha ramani. Hati za ardhi zitagawiwa tarehe 20 Septemba, ukumbi uleule.

22 Agosti

Mvua. Napima visima kwenye ramani ya watu wengine. Sina la kuandika.

30 Agosti

Jenifer, mjukuu wa Mzee Lako, alikuja sokoni kuuza maharagwe, akauliza kwa watu mpaka akafika kwa Mama Zam. Tulikaa sebuleni. Binti mpole, anaongea akiangalia viatu vyake.

"Anti Régine, mzee ametuma mimi. Anauliza, ile jiwe ya saba, ile ya chemchemi, tutaisikiliza tena siku gani?"

Nikamwambia jiwe la saba lilishakubaliwa.

Aliinua macho. "Hapana, Anti. Mzee alitoa mkono. Aliitoa juu hivi." Akainua kiganja chake usawa wa sikio. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Na wewe ulifanya kidole hivi, sisi tukasema, sawa, Anti ameona."

Nilimpa chai. Ameondoka sasa hivi. Labda mzee amebadili nia. Wazee hubadili nia. Nimeandika sentensi hiyo na siiamini.

31 Agosti

Nimesoma kumbukumbu ya programu. Kila kubonyeza na kila kuachia kumeandikwa humo, na saa yake, na jina la mshale.

Mshale mwekundu, wa Mzee Lako: ulibonyezwa saa nane na dakika kumi, mara tu baada ya chakula. Nikatafuta ulipoachiliwa. Nikashuka hadi chini ya faili, nikapanda, nikashuka tena. Hakuna. Kwa kumbukumbu ile, Mzee Lako hajainua kidole mpaka leo.

Nakielewa kilichotokea, na afadhali nisingeelewa. Waya ulichomoka wakati kidole chake kiko chini. Kipanya kikafa bila kutoa habari ya kuachia, na programu yangu, kwa ile mistari sita ya muhogo, ikaendelea kuamini kwamba mkono uko pale. Nilipouchomeka tena, mfumo ukakitupa kwa mshale wa bluu, wa Constantino. Niliandika mwenyewe tarehe 10 kwamba utafanya hivyo! Kwa hiyo wazee wawili walikuwa wanasukuma mshale mmoja. Na mshale mmoja ukishikwa na wawili, mmoja akiachia, mwenzake bado kashika, kompyuta haioni kuachia kokote. Mzee Lako aliinua mkono akakataa, na kukataa kwake hakukuandikwa popote.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Nimefumba macho nimejaribu kuikumbuka ile alasiri. Namwona Mzee Lako. Kiganja kiko juu, usawa wa sikio. Nilimwona! Nilidhani anakinga matone ya paa. Nikarudisha macho kwenye skrini, na skrini ikasema amekubali, nikaiamini skrini.

1 Septemba

Nimejaribu mara nne kwa vipanya vilevile. Mara nne sanduku jekundu linabaki limewaka na hakuna mtu aliyelishika. Inatisha kulitazama.

3 Septemba

Nimemwambia Bwana Anguzu. Alifunga mlango wa gari kwanza, ndipo akaongea.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi ibaki hapa. Régine, sikia. Constantino ana nakala ya ramani mkononi. Ukimwambia leo kwamba mashine ilikosea jiwe moja, atauliza yale tisa mengine ilikosea au haikukosea. Utamjibu nini? Watarudi kwenye mapanga juu ya mawe yote kumi. Mbona Lako mwenyewe yuko kimya?"

"Hayuko kimya. Alimtuma mjukuu."

"Mimi nitaongea naye polepole, baada ya hati."

Si mtu mbaya, Bwana Anguzu. Anaogopa kama mimi, ila yeye ana gari la kuogopea ndani.

6 Septemba

Christophe amezungushia chemchemi uzio wa nguzo. Habari imeletwa na mwendesha boda.

7 Septemba

Mvua.

8 Septemba

Mvua. Mama Zam anaangalia ugali uliobaki kwenye sahani yangu. "Wewe hapana kula? Ile posho imekufanya nini?"

11 Septemba

Raphaël amepita na lori la vitenge kutoka upande wa Kongo. Nikamweleza yote. Hakucheka safari hii.

"Njo rudi Arua na miye leo. Mutu akikufa kule, batauliza nani alileta ile mashine. Batasema ni mugeni, ni Mukongomani. Unajua namna batu ba huku beko."

"Na nikirudi, mtu akifa, mimi nitalala?"

"Utalala muzima," akasema. Akaniachia mkate, akaondoka. Nilitamani kupanda nyuma ya lile lori. Naandika wazi: nilitamani sana, na nilishaanza kukunja nguo.

14 Septemba

Leo Jenifer alienda chemchemini kuteka maji. Christophe alikuwa akilinda uzio. Akamwambia babu yako alikubali mbele ya kanisa, rudi. Jenifer akasema babu hakukubali. Christophe akamwita mwongo, mtoto wa mwongo, akainua panga. Lilikata jerikeni. Lilipita chini tu ya vidole vyake, kati ya mpini na jerikeni, amenionyesha mwenyewe, maana alikimbia hadi barabarani akapanda boda akaja kwangu. Kwangu! Alikuwa ameshika bado ule mpini wa plastiki, hauna jerikeni chini yake.

"Mzee anasema Constantino amenunua mashine," akaniambia. "Wajomba wanataka kwenda leo. Mzee amewashika mpaka siku ya hati. Amesema Anti atasema ukweli, yeye aliona."

Na Mzee Constantino, Bwana Anguzu anasema, analia kwa hasira kwamba Lako alikubali mbele ya Mungu na sasa anakana. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Mwongo ni mmoja tu katika habari hii, na anakula samaki wa Mama Zam.

15 Septemba

Mama Zam amenilazimisha niende kupima damu. Malaria hapana, nimepima.

18 Septemba

Mama Zam aliingia bila kubisha, akakaa kitandani pangu kama mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye.

"Sasa sema."

Nikasema. Alisikiliza hadi mwisho, anasokota ncha ya mtandio. Nilidhani atanifukuza, kwa maana shari hufuata mtu hadi anapolala.

"Marehemu bwana yangu," akasema, "siku moja kule mpakani bunduki yake ilitoka yenyewe. Hapana piga mutu. Mbuzi tu. Yeye akaficha. Wale wenye mbuzi wakasema ni kabila ile ingine. Watu tatu walikufa juu ya mbuzi. Yeye alikuwa nasali kila siku mpaka Mungu alimuchukua, na alikuwa naogopa kila siku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe iko na siku mbili."

Nikamwambia naogopa watanikata.

"Ogopa," akasema. "Lakini kwenda, utakwenda. Mimi nitakuja na wewe. Mimi ni mama muzee, nani atakata mimi?"

Nimerekebisha programu. Kipanya kikichomoka, kila kidole chake kinahesabiwa kimeachia papo hapo, na kila kitu kinasimama mpaka mwenyewe aitwe kwa jina. Kazi ya nusu saa. Nusu saa tu!

20 Septemba, Koboko

Niko kwa Mama Zam na niko hai. Nitaandika kwa utaratibu, ingawa kalamu inaruka.

Mapanga yaliachwa nje, yameegemezwa ukutani, upande huu mengi na upande ule mengi. Nilipita katikati yake. Mvua ilikuwa nyembamba. Ndani, watu wa Lako kushoto, watu wa Constantino kulia, Mama Zam kakaa mlangoni na mwavuli magotini. Bwana Anguzu akaanza hotuba, bahasha za hati mkononi. Nikasimama. Akaniambia kwa macho nikae.

"Wazee wangu, nisameheni," nikasema. "Jiwe la saba, mashine ilisema uongo. Na mimi ndiye niliyeitengeneza."

Kelele ilivyopanda sikusikia neno. Christophe aliruka benchi. Mama Zam alinyoosha mwavuli wake mlangoni, akasema, "Wewe, kaa! Mutu iko naongea!" na Mungu anajua kwa nini, alikaa.

Nikajua nikieleza kwa maneno nimekwisha. Nikafungua programu ya zamani, ile mbovu, nikaomba wazee washike vipanya kama siku ile. Wakabonyeza. Masanduku mawili yakawaka, na projekta safari hii ilifanya kazi, ukutani kila mtu akaona. Nikamwomba Mzee Constantino mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, achomoe waya wa mwenzake kisha auchomeke tena. Alisita. Akachomoa. Akachomeka.

"Sasa, Mzee Lako, inua mkono."

Akainua. Viganja vyake vyote viwili vikawa juu, watu wote wanaviona. Ukutani, sanduku jekundu likabaki linawaka. Kompyuta ikalia: jiwe limekubaliwa.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kusali.

Mzee Lako alitazama ukuta. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama ile picha. "Ile mkono pale ni ya nani?"

"Ni wako, Mzee."

"Mkono yangu iko hapa. Mbili." Akaigeuza mbele na nyuma, kama anaihakiki. "Na ile?"

"Ule mashine iliushika siku ile waya ulipotoka. Haikuuachia."

"Tangu mwezi wa nane mkono yangu iko ndani ya mashine, inakubali-kubali?"

"Ndiyo, Mzee. Kosa ni langu. Na nilikuona umeinua mkono. Nilikuona, nikaangalia skrini."

Nilingoja kupigwa. Alisema polepole, bila hasira, na nilitamani angenipiga: "Basi nipe mkono yangu."

Nikafunga programu mbovu, nikafungua mpya. Sanduku jekundu likazimika. Alilitazama, kisha akashusha mikono.

Mzee Constantino alikuwa amefunika uso. "Binti," akasema, "mimi niliita huyu muzee mwongo mbele ya watoto yake. Mwana yangu alitoa panga juu ya mutoto." Halafu akauliza lile alilolitabiri Bwana Anguzu: "Na zile tisa?"

"Sita ya kwanza mlishika wote, yameandikwa. Nane, tisa na kumi sijui. Yanapaswa kuulizwa upya."

"Basi uliza."

Nikageuza kiti changu. Nikaipa skrini mgongo, nikakaa nikiitazama mikono yao, na Bwana Anguzu, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka, akasoma jiwe mojamoja. La nane: vidole chini, vyote viwili. La tisa: chini. La kumi: chini. Nikarudi la saba mwisho. Wote wakabonyeza. Moja, mbili, na mkono wa Mzee Lako ukapanda taratibu hadi usawa wa sikio.

"Mzee Lako amekataa jiwe la saba," nikatangaza. Nyuma yangu kompyuta haikulia.

Christophe akatoka nje. Tulimsikia akitafuta panga lake katikati ya yale mengine, chuma kwa chuma, kisha hatua zake kwenye tope kuelekea chemchemini, nyuma tu ya kanisa. Wajomba wa Jenifer wakasimama. Mzee Constantino akasema, "Ngojeni," na hata yeye hakujua tunangoja nini, niliona usoni. Kisha tukasikia panga likikata, mara moja, mara mbili, tena na tena. Jenifer aliyekuwa dirishani akageuka.

"Anakata uzio," akasema. "Anaangusha nguzo."

Hakuna aliyepiga makofi. Jiwe la saba litasikilizwa tena kiangazi, na huenda likakataliwa tena, na huenda nguzo zikarudi. Bado naogopa. Watu walianza kutoka. Mzee Lako alikuwa bado amekaa, mkono juu, nikamwambia tumeandika, Mzee, sasa unaweza kuushusha.

"Kwanza," akasema, "angalia vizuri."

Nikaangalia.